Albina Nampunju na Foleni ya Laini ya Ruangwa

Ndugu, jamaa na majirani wa hapa Kiegei, pamoja nanyi mliotoka Nkowe na Chinongwe kwa baiskeli, tunaomba mtusikilize tuwaeleze maisha ya mpendwa wetu Albina Eusebio Nampunju, ambaye katika uhai wake hakupenda kuona watu wamekaa kitako muda mrefu, kwa hiyo tutajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 hapa Kiegei, akiwa mtoto wa nne wa mzee Eusebio Nampunju na mama Lusiana, waliokuwa wamevuka Mto Ruvuma mwaka mmoja kabla wakikimbia vita, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari Nachingwea hadi 1984, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam, alikohitimu ufundi wa simu mwaka 1988 na kurudi Nachingwea kufanya kazi, jambo lililowashangaza wenzake waliotamani kubaki mjini.

Tarehe 27 Juni 1992 alifunga ndoa na mwalimu Benedikto Mchopa wa Nkowe, wakajaliwa watoto wawili, Winfrida mwaka 1993 na Josephina mwaka 1996. Benedikto alijua mapema kwamba mkewe angeweza kuinuka mezani kabla ya tonge la pili, si kwa dharau, ila kwa sababu kuna jambo limemkaa rohoni, na hakuna siku alizoinuka mara nyingi kama zile za laini ya Ruangwa.

Mwaka 1997 Albina aliajiriwa na Shirika la Umoja wa Mbwemkuru, lenye makao yake Nachingwea, na huko Ruangwa likiwa na ghala la korosho na kituo cha afya. Miaka miwili baadaye shirika likakodi laini ya data, aina ya fremu-rilei, iliyopitisha taarifa za ghala na sauti za simu katika njia moja nyembamba, na Albina akakabidhiwa rauta za pande zote mbili, yaani vile visanduku vinavyoamua kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Novemba 2000, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, muuguzi Fatu wa Ruangwa alimpigia daktari Nuhu wa Nachingwea kuhusu mama mmoja aitwaye Mwanne, aliyejifungua salama lakini kondo la nyuma likagoma kutoka. Daktari alisema, "Msivute kamba ya kitovu," lakini katikati ya neno laini ikameza sauti, na masikioni mwa Fatu ikafika, "Mvute." Fatu hakuridhika, akauliza tena na tena mpaka neno likafika zima, na Mwanne akapona, ila Albina aliposikia habari ile alichukua begi la vifaa akaondoka bila kuaga.

Alikwenda Ruangwa, akaipanga foleni ya rauta ya huko ili sauti itangulie na mizigo ya taarifa za ghala ifuate, akarudi, lakini maneno ya daktari yakaendelea kukatika, akaenda tena na kurudi tena, amejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, hali yake ikimtia Benedikto wasiwasi, kwani usingizi ulimpotea na chakula kikamshinda. Siku moja, akiwa amesimama mlangoni kwa daktari Nuhu, alimuuliza, "Na wewe, daktari, Fatu unamsikiaje?" Daktari akajibu, "Namsikia kama yuko chumba cha pili." Albina akajipiga paji la uso, maana kama sauti iliyotoka Ruangwa ilifika nzima na ya daktari tu ndiyo iliyokatika, basi ndipo alipotambua kuwa ugonjwa haukuwa Ruangwa hata kidogo, bali Nachingwea, ambako mlango wa laini ulikuwa mpana, ukimwaga mizigo kwa kasi ambayo mlango mwembamba wa Ruangwa haukuweza kuipokea, na kilichozidi kilirundikana njiani au kutupwa, sauti ya daktari ikiwemo.

Meneja wa shirika alikuwa amemkataza kugusa rauta ya makao makuu wakati wa msimu, na mkuu wa maghala, bwana Habibu, alipomkuta ameifungua alipaza sauti, "Mama Winfrida, unapunguza mwendo halafu unaita kurekebisha? Wakulima watanirukia mimi!" Albina alimjibu bila kugeuka, "Mwendo huu unaishia hapa hapa kwetu, kaka, wenzetu hawaupati." Hata hivyo alikiri kuwa hofu ya Habibu ilikuwa na haki, kwa sababu simu zikiachiwa bila kikomo zingelinyima ghala njia, kwa hiyo alishusha kasi ya kutuma ilingane na uwezo wa Ruangwa, akaikatakata mizigo mikubwa vipande vidogo, akaipa sauti nafasi ya mbele yenye mpaka, na ghala akalitengea fungu lake. Kisha akamwomba Habibu atume mzigo wake mkubwa kuliko yote, akampa daktari simu, akasimama akitafuna kucha, na Fatu akalirudia kila neno bila kupungukiwa hata herufi, mzigo wa Habibu nao ukifika mzima kwa mara moja, badala ya kurudiwarudiwa kama zamani. Meneja alimwandikia onyo kwa kukaidi amri, lakini hakuamuru mipangilio irudishwe.

Mwaka 2006 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Nachingwea na baadaye Dar es Salaam, ambako wauguzi walichoka kumrudisha kitandani kutoka barazani, na tarehe 14 Machi 2008 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Benedikto, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, na majirani mliopika, mliochota maji na mlioketi na Benedikto na watoto tangu juzi.

Albina, mama, dada, hakuna tena anayekuita uinuke. Kaa. Pumzika kwa amani.