Pascalia Ruwa, Aliyeiamini Damu Yake

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Magongo na nyote mliotufariji, mimi ni Garama Randu, shemeji yake marehemu, na nimetumwa na familia niwasomee maisha ya Pascalia Ruwa, ambaye kama angekuwepo angenihimiza nifupishe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 huko Kaloleni, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, na tarehe 8 Juni 1963 akaolewa na ndugu yangu Ngumbao, wakahamia Changamwe, wakajaaliwa mtoto mmoja, Jerioth, baada ya kungoja sana.

Mwaka 1969 aliajiriwa upishi katika shule moja ya hapa Magongo, akapika kwa kuni miaka mingi, na moshi ule ndio uliomharibia mapafu, kwani tangu 1988 alikuwa akilazwa, akitoka, akilazwa tena.

Mwaka 1993 Daktari Dishon Kefa alianza kuwapima damu wagonjwa wa kifua kabla ya kuwaruhusu, akiiacha isimame saa nzima katika mrija mwembamba wa kioo, kwani alitaka kujua kama ile inayotuama upesi ndiyo ya mgonjwa atakayerudi karibuni. Pascalia alikubali kwa moyo mmoja, na mara moja ilipomtabiria kurudi, naye akakaa nyumbani miezi saba, alimpelekea daktari mahamri akimtania kwamba kumbe damu nayo husema uongo, lakini mara nyingine zote ilisema kweli, naye akaiamini.

Jumanne tarehe 9 Julai mwaka huu wa 1996 aliruhusiwa akipumua vizuri, ila damu ilikuwa imetuama upesi kuliko wakati wowote, na daktari hakumficha kwamba huenda angerudi kabla ya mwezi kwisha. Arusi ya Jerioth ilipangwa tarehe 24 Agosti. Pascalia alifika nyumbani akatangaza kwamba itakuwa Jumamosi hiyo hiyo, ilhali kadi za Agosti zimeshachapishwa na gauni bado halijashonwa mikono, nasi tukanung'unika mno kwamba mtu mzima anaendeshwa na mrija, naye akajibu kwamba wenye mapafu mazuri wangoje Agosti.

Tarehe 13 Julai alikaa mbele kanisani, akapiga vigelegele mpaka akakohoa, akapumzika, akapiga tena. Alilazwa tarehe 25, akatutoka tarehe 30 Julai, binti yake na mkwewe wakiwa wamemshika mikono.

Tunamshukuru Daktari Kefa na wauguzi wake, majirani waliolala nasi matangani, na wapishi wenzake waliotupikia leo.

Jerioth anamzika mama aliyemshuhudia akiolewa, na sisi tulionung'unika tunasema mbele yenu kwamba alituzidi akili. Shemeji, kuvuta pumzi si kazi yako tena, pumzika kwa amani.