Kesho Wanazima Mfumo wa Wodi ya Wazazi

Usijifanye hukusikia. Ulikuwa kwenye basi lile, ukageuzia uso dirishani kana kwamba maghala ya saruji ni kitu cha kutazamwa. Mbele yetu kijana mtengeneza programu za kompyuta alikuwa akimweleza mama asiyemjua, mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni, kwamba kampuni ya ng'ambo imeiamuru hospitali izime mfumo aliouandika.

"Mfumo huo niliwatengenezea hospitali kwanza, dada. Unawakumbusha manesi mjamzito gani apimwe presha. Baadaye nikachukua sehemu yake, nikaitia kwenye kazi niliyowafanyia hao wa ng'ambo."

"Na mkataba ukasemaje?"

"Kila kilichomo ni mali yao peke yao."

"Ukasaini? Kama unapokea soda!"

"Kwani fundi akiuza gauni anauza na cherehani?"

"Akisaini hivyo, ndiyo, mdogo wangu. Mkataba ni mkataba. Nenda mahakamani."

"Mkataba unasema kesi isikilizwe kwao. Viza wameninyima."

Mama akacheka, akaona anacheka peke yake. Mimi sikushangaa. Babu zetu walitia dole gumba kwenye karatasi kama hizo, mashamba yakaenda.

"Na hao wajawazito?" mama akauliza, sauti imeshuka.

"Mfumo unazimwa kesho. Waombe nesi asisahau."

Basi likasimama, kijana akashuka. Wewe mwenye mkataba wa namna hiyo mezani, usisaini. Mpelekee mwanasheria leo, aandike kwamba ulichokuwa nacho kabla kinabaki chako, na kesi isikilizwe hapa. Inuka, nenda sasa hivi.