Gari la Shaima Halikuwa Bovu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Shaima Haroub, wa Mtoni, Temeke.

Kila asubuhi, mtaa mmoja nyuma ya Barabara ya Kilwa, jirani yake, Hamisa, alikuwa anakaanga vitumbua kwa kusikiliza gari. Gari la Shaima likiwashwa, pram, pram-pram, pram, Hamisa anajua wanafunzi wanakaribia kutoka kwenda shule, anaongeza moto. Asubuhi moja mwezi wa nne alimimina unga, akasubiri. Kimya. Akageuza vitumbua. Kimya.

"Nikasema, leo Shaima kalala," anasimulia Hamisa. "Kisha nikaona geti liko wazi, na gari lipo palepale."

Shaima alikuwa amekimbizwa hospitali alfajiri ile, tumbo likimuuma. Hakurudi. Alifariki wiki hiyohiyo. Alikuwa na miaka thelathini na nne.

Wasikilizaji wapendwa, gari lile lilikuwa Mazda ya zamani, nyeupe, ya milango miwili. Injini yake ni ya rotari. Haina pistoni. Ndani yake zinazunguka rota mbili zenye pembe tatu. Shaima aliinunua ikiwa imekufa, akaifungua pamoja na fundi wake, Godlisten, kwenye gereji ya Temeke. Wakayapanua matundu ya kuvutia hewa na kutolea moshi. Wakayapanua sana.

"Nilimwambia, dada, hapo panatosha kwa barabarani," anasema Godlisten. "Akasema, ongeza. Nikamwambia, hii sasa itakuwa ya mashindano. Akasema, sawa, nitakwenda nayo dukani."

Na kweli alikwenda nayo dukani. Familia yao ina duka la vyombo, na Shaima ndiye aliyekuwa akifungua kila siku.

Matundu yakiwa makubwa kiasi hicho, injini haitaki mwendo wa pole. Kwenye foleni inatetemeka, inakatakata, inataka kuzima. Dereva lazima aibembeleze kwa mguu, moto kidogo, klachi kidogo, bila kuchoka. Shaima aliweza. Aliweza Kilwa Road, saa za foleni, mwezi wa Ramadhani, huku amefunga.

Watu wote waliamini gari linaumwa. Bodaboda walimpigia kelele: "Sista, gari inamisi hiyo, inakosa moto! Badilisha plagi!" Siku moja trafiki akamsimamisha.

"Dada, hii gari inamisi."

"Haimisi, afande. Ndiyo silensa yake hiyo, inavyonguruma ikisimama."

"Basi ishushe."

"Nikiishusha inazima, afande. Utanisaidia kusukuma?"

Afande alicheka, akampungia mkono apite.

Na kituo cha mafuta je? Shaima alikuwa anamimina oili kidogo ndani ya tangi la petroli, kwa sababu zile pembe za rota zinataka kulainishwa. Mhudumu mgeni alimshika mkono: "Dada, umekosea tundu!" Shaima, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alijibu tu, "Asante, mdogo wangu, anakunywa hivyohivyo."

Kaka yake, Aiman, alikuwa mtani wake mkubwa. "Tulikuwaga tunamwambia, nunua kigari cha IST kama watu. Siku moja akanichukua mpaka Chanika, barabara nyeupe, haina magari. Mwanzo gari linasuasua, nikamcheka. Basi mshale wa mizunguko ya injini ukavuka elfu tano. Lile gari likaacha kigugumizi, likatoa sauti moja tu, ndefu. Mgongo ukaganda kwenye kiti. Nikasema, sista, mie nashuka! Yeye anatabasamu tu, mikono imetulia. Siku ile nilimuona dada yangu ni nani."

Lakini, wasikilizaji wapendwa, kuna mtu mmoja ambaye Shaima alitaka neno lake kuliko wote. Mama yake mzazi, Bi Wahiba. Alitaka mama aseme neno moja jema juu ya gari lile. Moja tu.

Mama hakusema. Siku ya Idi walikuja wageni. Mmoja akasema, "Wahiba, binti yako mashallah, gari lake zuri!" Bi Wahiba akajibu upesi, "Zuri wapi? Bovu hilo. Huskii linavyokohoa?" Shaima alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Alisikia.

"Ilimuuma," anasema Aiman. "Aliniambia, mama ananionea haya. Nikamwambia, si umuulize? Akasema, nitamuuliza."

Hakuwahi kumuuliza.

Tunatoa pole kwa Bi Wahiba, kwa Aiman, kwa fundi Godlisten, na kwa majirani wote wa Mtoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Shaima. Nawe unayetusikiliza, huenda nyumbani kwako yupo mtu anayesubiri neno kutoka kwako. Mtazame vizuri leo.

Juzi nilikwenda kuwapa pole. Nilimwamkia Bi Wahiba, nikamuuliza kama angependa kusema lolote kuhusu mwanawe. Akaomba kinasa sauti kisogezwe karibu yake. Huyu hapa.

"Sie kwetu mtoto hasifiwi mbele za watu. Kijicho kipo. Mtu akisema zuri, mie nasema bovu, ili jicho lipite, lisimguse mwanangu. Barabarani wote wakisema linamisi, mie moyoni nashukuru. Waache waamini hivyo. Sikujua kama na yeye aliniamini."

"Sasa jicho halimfikii tena. Basi nasema, na wasikie wote. Gari lilikuwa zuri. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia kila asubuhi namtazama anavyolitoa. Mwanangu alikuwa hodari. Nilikuwa najivunia, Shaima. Najivunia mpaka naogopa."