Mwiteni Nyani Aje Anitukane

Falesi, zima redio. Masauso, kaa chini mwanangu, ukisimama mlangoni na simu mkononi naona kama msiba umeshaanza na mimi nimechelewa. Nisikilizeni nyote wawili, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu, na nikikatika njiani msinimalizie maneno.

Nyumba ni yenu wote, asitokee mjomba kutoka Chipata akasema vinginevyo; karatasi zimo kwenye kopo la biskuti. Kikaango kikubwa ni cha Falesi, kwa sababu ana subira ya mafuta. Duka na ubao wake, ule wenye panya anayecheka, nilitaka kumpa Masauso, lakini jana nilikusikia dirishani, mwanangu, ukimwambia mchapaji kwamba fulana za msiba wangu ziandikwe jina la duka mgongoni, watu watacheka, mama alipenda mzaha. Sikukasirika. Nililia, kwa sababu dhambi hiyo ni yangu, na umeirithi kabla sijakurithisha.

Baba yenu alipopunguzwa kazi mgodini nilianza kukaanga vitumbua hapa sokoni Luanshya, na wiki nzima nikawa narudi navyo nyumbani, mkala mpaka mkavichukia. Mkabala na mimi alikaa Bana Kasonde, mama yake Kasonde, Mbemba wa Kasama, anauza munkoyo, ile togwa yao ya mizizi, na wateja wake walikuwa nzi. Siku moja akaniona nimejiinamia, akapaza sauti soko zima lisikie: "Jamani, Wangoni leo wamekosa panya, wanakaanga unga mtupu!"

Sisi na Wabemba ni watani, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi badala ya mikuki, kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kununa. Nikasimama nikamjibu: "Afadhali panya, wewe mla nyani! Hebu koroga hilo pipa, wateja wauone mkono wa mjomba wako!" Watu wakasimama, wakacheka, na mtu akicheka mkono unalegea, walinunua kitumbua wasikie atasema nini, wakanunua munkoyo wasikie nitajibu nini.

Tangu hapo tukawa tunafungua soko kwa matusi. Yeye aliniita Panya, mimi nikamwita Nyani, na majina tuliyopewa na wazazi tukayasahau. Tulichorewa mbao mbili na fundi mmoja, panya wangu akimcheka nyani wake. Sare zenu, ada zenu, bati lililo juu ya vichwa vyenu, vyote vilitoka kwenye kinywa changu na cha mwanamke yule.

Kisha kifua kikamchukua mumewe. Mnajua mtani anavyofanya msibani: anachota maji, anapika, na waliofiwa wakikaribia kuvunjika anawachekesha, maana yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa. Nilivaa kofia ngumu ya marehemu ya mgodini, nikatembea kwa kuchechemea kama yeye, nikakohoa kikohozi chake, na Nyani wangu, ambaye siku mbili hakuwa amegusa hata maji, akacheka huku machozi yanamtoka. Nikakalia jeneza nikakataa kushuka mpaka nipewe chochote, ndiyo desturi ya mtani. Mpaka hapo nilikuwa mtani. Lakini nikautazama umati ule, wachimbaji na wake zao, nikaona wateja. Nikalipiga jeneza kofi, nikasema: "Huyu alikula vitumbua vyangu kila asubuhi, na mwoneni alivyotulia, hadai kitu! Kesho mapema, meza ileile, mkabala na Nyani!"

Makaburi yote yakaangua kicheko. Kesho yake unga uliisha kabla ya saa tatu. Meza ya mkabala ilikuwa tupu, wala sikuuliza, nilikuwa nakaanga.

Alikuja baada ya wiki, mzigo wake umefungwa kwa kitenge. Hakupaza sauti. "Utani wa siku ile ulikuwa wangu," alisema. "Ulikuja kunifuta machozi, ukamfanya mume wangu tangazo la vitumbua." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Nyani naye tangu lini ananuna?" Akapanda basi la Kasama.

Miaka sita niliona aibu, kisha nikamfuata. Nilimkuta stendi na pipa lake. Akaniangalia, akasema, "Karibu mama. Utatumia kikombe kikubwa au kidogo?" Mama! Nikamwambia, Nyani, ni mimi, Panya wako. Akainamisha kichwa kwa adabu, akanimiminia, akaniambia asante mama, safari njema. Nimetukanwa na wengi katika maisha yangu, wanangu, lakini hakuna aliyeniumiza kama yule aliyeniheshimu. Nililia njia nzima mpaka hapa.

Sasa shikeni haya. Fulana, hapana. Siku ya kunizika duka lifungwe na ule ubao ufunikwe kanga. Chekesheni wateja wenu kadiri mnavyoweza, ndivyo mlivyolelewa, lakini kicheko cha msibani ni cha mfiwa, msikiuze. Masauso, utapanda basi uende Kasama mwenyewe, usipige simu. Usiseme mama amefariki. Sema, "Panya amekufa, njoo kabla nyama haijaharibika." Halafu umwangalie mdomo. Akikuambia pole sana baba, kwa sauti ya chini, mshukuru, rudi, mnizike kimya, nitakuwa nimestahili. Lakini akikutukana... akikuuliza ni mtego gani ulioninasa... mbebee mzigo wake mpaka kwenye basi. Akilikalia jeneza langu msimpe kitu ili ashuke. Mwacheni akae mpaka achoke. Aseme yote, hata yale ya kweli.

Falesi, nishike mgongo. Hivyo.

Nawabariki. Mafuta yasipungue kwenye kikaango chenu. Duka na ubao ni vyenu wote wawili, msigombane. Mungu awape... awape watu wa kuwatukana kwa upendo, na mjue pa kuishia... mimi sikujua.

Maji sitaki. Masauso... basi la Kasama linatoka saa ngapi? Basi inuka. Usingoje nife, mwanangu, nenda sasa hivi. Mwambie Panya bado... bado anapumua kidogo. Mwambie anitukane... nikiwa nasikia.