Kisima cha Mlali na Watahiniwa Kumi na Mmoja

Risala ya Baraza la Maswali ya Alfajiri, Majengo, Dodoma, mbele ya Bwana Mkaguzi wa Mitihani kutoka Dar es Salaam. Imesomwa na Bartolomayo, katibu wa baraza. Septemba, 1913.

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi. Bwana Mkubwa wa boma. Akida na majumbe. Askari mliosimama nyuma yetu. Jamaa zetu wote mliofika,

KUKUKARIBISHA

Mbukwenyi. Hiyo ndiyo salamu ya wenyeji wa hapa, na wenzetu Waislamu wa Kondoa wanaongeza salamu aleikum. Tunakupa pole ya safari. Tunajua jana umerudi kutoka Mlali juu ya nyumbu wa kupanda, siku nane kwenda na kurudi, na sanduku la picha, ili ukapige picha kisima cha serikali. Na tunajua kisima hukukiona. Hukukiona kwa sababu hakipo, wala hakijapata kuwapo. Tunaanza na hilo usije ukadhani tumekuja kubishana.

Tunajua pia kilichotusimamisha mbele yako. Boma limetupa mpaka adhuhuri ya leo tumtaje yule mmoja kati yetu aliyetunga habari ya kisima hicho. Akitajwa, atapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, hadharani na kufungwa mnyororo miezi sita, na sisi wengine kumi tutarudishiwa alama zetu na kazi zetu za ukarani. Asipotajwa, sote kumi na mmoja tunafutwa katika orodha, wala hatutahiniwi tena maisha. Wewe ndiye uliyesema, "Kabla ya hukumu nataka kuwasikia." Ahsante sana kwa neno hilo. Hatukulizoea.

ASILI YA BARAZA LETU

Mgeni rasmi, baraza hili lilianza mwaka juzi, pale gari la moshi lilipokwisha kuzoeleka hapa na boma likatangaza kwamba linataka makarani wenyeji, watakaopatikana kwa mtihani. Hesabu na mwandiko tulikuwa nazo, wengine kutoka misheni, wengine kutoka shule ya serikali, na Hassani kutoka chuoni kwa mjomba wake, alikojifunza kwanza herufi za Kiarabu. Kilichotushinda ni karatasi ya tatu, ile ya Habari za Dunia na za Serikali. Mtu aliyeshinda kutwa akipakia magunia ya mtama atajuaje Kaizari amepata mjukuu?

Basi tukaungana. Kila siku alfajiri, kabla ya kwenda vibaruani, tulikutana barazani kwa Bi Mishi, muuza uji hapa Majengo. Kila mtu alikuja na swali moja kutoka gazetini, na sheria yetu ilikuwa moja: asiye na swali, uji anakunywa wa mwisho. Reli imefika wapi? Tabora. Rupia moja ni hela ngapi? Mia. Nani haruhusiwi kupigwa kiboko kwa amri ya serikali? Wanawake. Ukikosa unazomewa, na Bi Mishi ndiye wa kwanza kuzomea, maana yeye hajui kusoma lakini majibu yote anayo kichwani. Siku moja alimwambia Yoramu, "Wewe mwanangu unasoma kwa macho tu, ndiyo maana majibu yanamwagika."

Gazeti lilikuwa moja kwa watu wote, nalo lilifika mara moja kwa mwezi. Tulilisoma mpaka mikunjo ikatoboka, kisha tukayakariri yaliyokuwa kwenye matundu.

MAFANIKIO

Katika mtihani wa mwezi wa nne watu kumi na mmoja wa baraza hili walitahiniwa, na wote kumi na mmoja walishinda. Hayo ndiyo mafanikio yetu, nayo ndiyo yaliyotuponza.

MATATIZO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utuvumilie kidogo.

Masika iliyopita, mwezi wa kwanza, mvua ilizoa daraja la reli huko chini, na wiki saba hapakuwa na gari wala gazeti. Siku ya kwanza tulirudia maswali ya zamani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Bi Mishi akasema, "Ala! Hata mimi sasa nimechoka na mjukuu wa Kaizari." Ndipo tukakubaliana kwamba mpaka gari lirudi, mwenye zamu ataleta habari ya kujitungia, mradi ifanane na za gazetini, iwe na mahali, na hesabu, na manufaa yake. Tuliziita habari za mkono. Zilikuwa za kunolea akili tu, kama mtoto anavyojifunza kutupa mkuki kwa kijiti. Mmoja alileta habari ya soko jipya la ng'ombe. Mwingine alileta habari ya nzige waliozuiwa kwa moshi.

Na mmoja wetu alileta hii: Serikali imechimba kisima huko Mlali, kina chake pima kumi na nane, kimetiwa pampu ya chuma iliyoletwa kwa gari la moshi, hata mtoto wa miaka sita aweza kuivuta, na siku ya kukifungua tarumbeta zilipigwa, na wanawake wakanywa kwanza kabla ya ng'ombe.

Alipomaliza hatukumzomea. Kisha Hassani akasema, "Hebu isome tena."

Aliyetunga alisema wazi kwamba ni habari ya mkono. Haki yake tumpe, alisema. Lakini wawili wetu hawakuwapo asubuhi ile, na asiyekuwapo na lake halipo; wao waliisikia kesho yake ikiwa tayari ni swali: kisima cha Mlali kina pima ngapi? Kumi na nane. Nani alikunywa kwanza? Wanawake. Habari nyingine za mkono zilisahauliwa gari liliporudi. Hii tuliendelea kuulizana kila alfajiri, siku arobaini na zaidi, kwa kuwa ilikuwa tamu kujibu. Mpaka mtihani unafika hapakuwa na mtu kati yetu aliyekumbuka kwamba haikutoka gazetini. Hata mwenyewe aliyeitunga anatuapia kwamba alikwisha kuiamini, na akamtumia mama yake salamu za heri kwa msafiri mmoja, akimwambia sasa apumzike miguu. Sisi tunamsadiki. Mama yule alijibu kwa msafiri huyohuyo kwamba labda kisima kiko Mlali nyingine.

Utatuuliza, mliamini vipi kitu kikubwa hivyo bila kukiona? Bwana Mkaguzi, gazeti lilituambia kwamba kule kwenu Ulaya kuna chombo kikubwa kuliko kanisa, kimejazwa hewa, kinaruka mawinguni na watu ndani yake wamekaa wanakula chakula mezani. Tulikiamini, tukakiandika, tukapata alama. Aliyekwisha kuamini hilo atashindwaje kuamini shimo lenye maji?

Basi siku ya mtihani swali la tisa likasema: Taja kazi moja iliyokamilishwa na serikali katika nchi hii ya kati, na ueleze manufaa yake. Kila mmoja wetu, akiwa peke yake na karatasi yake, aliwaza kwamba reli wataiandika wote. Kila mmoja akataka kumpendeza msahihishaji kwa jambo lisilotajwa na mtu. Tukaandika kisima, watu kumi na mmoja, pima kumi na nane, na tarumbeta zake.

Hatukuibiana majibu. Mwizi wa jibu angeiba la kweli.

Na hapa tunasema kwa adabu, wala hatumsemi mtu. Msahihishaji alitupa alama kamili kwa swali hilo. Hatujui aliwaza nini. Huenda naye alipendezwa. Kisha jibu letu likaingia katika taarifa ya mwaka, taarifa ikapanda gari, na kutoka pwani ikarudi barua ya kuisifu wilaya kwa kisima chake, na nyuma ya barua ukaja wewe na sanduku la picha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilifika Dar es Salaam ikarudi.

Tunajua aibu iliyoingia katika boma hili. Aibu ni mzigo, na mwenye mzigo hutafuta kichwa cha kuutua. Lakini kichwa kinachotafutwa, Bwana, ni cha mtu aliyeleta alichopangiwa kuleta siku ya zamu yake. Kosa la kusahau ni la baraza zima, na kumbukumbu mbovu haina mtunzi mmoja.

Jana jioni akida alikuja barazani akatujaribu akili, akauliza, "Haya, nani kati yenu kwao ni Mlali?" Tukamjibu kwamba sote. Akamtazama Hassani, ambaye hata Kiswahili chake kinanuka Kondoa, akasema, "Na wewe?" Hassani akasema, "Na mimi, tangu jana." Akida alikasirika, nasi tunamwomba radhi mbele yako, maana ni mtu mzima na tumemkosea heshima. Jibu letu lakini halijabadilika.

MAOMBI

La kwanza. Tunaomba usituulize jina. Tukilitaja, tutakaa kwenye meza za boma watu kumi, tukiandika barua za serikali kwa mkono mzuri, na kila asubuhi tutamwona dirishani akipita na mnyororo shingoni kwenda kuponda kokoto. Hatuna moyo wa kuandika mbele ya dirisha hilo. Yoramu, ambaye mkewe Loisi ana mimba ya miezi minane na nyumbani hamna mtama, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba hataji. Tulimwambia, "Wewe tunakuruhusu, hatutakulaumu." Akalia kwa hasira, akatuuliza tunamwona yeye nani.

La pili. Swali la tisa lifutwe kwetu sote, kisha tuhesabiwe maswali yaliyobaki. Tukianguka, tumeanguka kwa haki. Au ututahini upya, wewe mwenyewe, hapahapa, hata sasa hivi kwa mdomo. Tuulize reli imefika wapi.

La tatu tulibishana kama tuliseme au tulinyamazie, na waliotaka linyamaziwe wameshindwa. Hatuombi kisima ili jibu letu lipate kuwa la kweli. Hilo lingekuwa kukudhihaki. Ila wewe umefika Mlali mwezi huu wa kiangazi. Umewaona wanawake mtoni, wamezama mpaka kifuani katika mashimo ya mchanga, wanakinga maji kwa kibuyu, kata moja kwa muda ambao mtu angemaliza kuvuta kiko. Tumesikia kwamba, kisima kilipokosekana, uliwapiga picha wao. Tunaomba picha hiyo isitupwe. Ipande gari kama taarifa ilivyopanda.

La nne na la mwisho linahusu adhabu. Ikiwa ni lazima mtu apigwe ili boma lipate kutulia, tumefanya hesabu, kwa kuwa hesabu nayo ni karatasi ya mtihani na ile tulishinda kihalali. Viboko ishirini na tano kwa watu kumi na mmoja ni viwili viwili, jumla ishirini na viwili. Tuko tayari, tumekuja bila mashati ndani ya kanzu. Vinabaki vitatu.

Cha kwanza amekichukua huyu anayekusomea, Bartolomayo, aliye mkubwa kwa umri na mwenye kulitunza gazeti, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kukumbuka kilichomo na kisichokuwamo.

Cha pili amekidai Bi Mishi. Tukamkumbusha jibu lake mwenyewe la kila asubuhi, kwamba mwanamke hapigwi. Akasema, "Basi itundikwe kaniki yangu, ipigwe hiyo, nami nisimame kando niihesabie. Habari ile ilitungwa barazani kwangu na uji wangu ukiwa tumboni."

Cha tatu kimetukeshesha. Mwenye habari ya kisima alitupigia magoti akiomba apigwe vyote ishirini na tano, aende mnyororo, yaishe. Tukamnyima. Akaomba basi hicho kimoja kilichobaki, kiwe juu ya viwili vyake, apate usingizi. Tukamnyima hicho nacho, maana askari akimhesabia cha tatu utamjua. Wengine wetu hatuwezi kukichukua, kwa kuwa hatukuitunga habari, wala hatukuliweka gazeti, wala si sisi tuliopaswa kuchimba.

Kwa hiyo kiboko kimoja hakina mwenyewe. Tumekiacha kwako, Bwana Mkaguzi, umtafutie anayestahili.

Mungu wa misikiti na makanisa akulinde njiani, madaraja yote uyakute yamesimama, na watu wa nyumbani kwako wawe na maji ya kukupokelea.

Ni sisi, wote kumi na mmoja wa Mlali,
Baraza la Maswali ya Alfajiri,
Majengo, Dodoma.