Bi. Mwanne Shomari Akabidhi Kitambaa Cheupe

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kusimama mbele ya karai la mafuta, Bi. Mwanne Shomari, Mpishi Mkuu wa Mgahawa wa Msafara hapa Mtendeni, anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Ametimiza miaka sitini, meno yote anayo, na kiazi kibovu bado anakijua kikiwa ndani ya gunia. Uongozi umeniomba mimi, Wenceslaus Lugembe wa meza ya viazi, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe: kurasa mbili, na uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila mimi nikishika kisu huwa naota ota, jambo ambalo Bi. Mwanne amelisema mara nyingi kuliko alivyolitaja jina langu, kwa hiyo msomaji anivumilie nikiacha barabara kidogo.

Nitangulize jambo moja. Mjini kuna watu wanaomwita Mama Transfoma. Walianza mwaka 2013 na hawajachoka. Wanamwita sokoni, wanamwita msibani, na yeye huitika kana kwamba ni jina alilopewa na baba yake. Mimi sitaki aende nalo Itetemia, kwenye nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali. Nimekubali kuandika wasifu huu ili nimvue jina hilo, na hayo mengine mtakayosoma ni kachumbari ya pembeni.

Bi. Mwanne alizaliwa hapa hapa Mtendeni. Baba yake, marehemu Mzee Shomari, alikuwa fundi cherehani wa kanzu, na binti alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota vipande vya kitambaa cheupe. Baba huyo alipenda kumhadithia habari za merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho wapagazi walikibeba mabegani kutoka pwani, wakakitandaza hapa Tabora na kukibadilisha kwa vyakula na vitu vingine. Kwa hiyo kabla Bi. Mwanne hajajua kukaanga hata yai, alikuwa anajua kukikagua kitambaa kwa kukiinua juani. Utaona mbele kwa nini nimelitaja hilo.

Aliajiriwa mwaka 1996 na mwasisi wetu, marehemu Mzee Awadhi, wakati Msafara ilikuwa meza ya mbao, jiko la mkaa na karai moja jirani na stesheni. Wazee wa mji walisema chipsi si chakula, ni kitu cha kutafuna wakati unasubiri chakula. Abiria wa treni hawakuwa na muda wa mjadala huo. Walishuka na usingizi machoni, wakanunua, wakala wamesimama, wakapanda tena, na harufu ya viazi ikaondoka nao kuelekea Kigoma. Bi. Mwanne anasema hata sasa akisikia honi ya treni mkono wake wa kulia hujongea wenyewe kutafuta kijiko cha matundu.

Tulipohamia jengo hili la barabarani, alikuwa wa kwanza kufika kila siku. Aliyewahi kumkuta saa kumi na mbili asubuhi anajua ninachosema. Ukungu wa kipupwe unakuwa bado umelala barabarani, moshi wa jiko la kwanza haupandi, unatambaa tu, na yeye amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi akiitazama njia. Akina mama wanaoleta kuku kutoka vijijini huwaamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nao humjibu wakiwa wametua matenga. Aliniambia asubuhi moja kwamba huwa anawaona wapagazi wakipita kwenye ukungu ule, mstari mrefu, miguu haitoi sauti, kila mmoja na matobolwa yake kwenye mfuko wa ngozi, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Kwa maoni yake hao ndio walioanzisha chakula cha haraka katika njia hii, na hawakumdhuru mtu. Nilikodoa macho kwenye ukungu nikaona kama nami nawaona, mpaka akaniuliza kama viazi vinajimenya.

Maneno juu ya chakula chetu hayakuanza juzi. Madaktari wanalalamikia mafuta na chumvi, walimu wanalalamikia watoto wanaokula chipsi kila siku, na kila mwenye simu ana habari ya kutisha kuhusu kuku. Wenzetu wengi katika biashara hii hukasirika. Bi. Mwanne alikuwa anasikiliza. Alipunguza chumvi kwa robo bila kumwambia mtu, na mteja wa kwanza kugundua aligundua baada ya miezi miwili. Aliingiza matobolwa na karanga kwenye orodha ya vyakula, tukamcheka, na leo hii vijana wa chuo wanayaagiza kabla ya zege, yaani chipsi mayai.

Mzee Mfaume, mstaafu wa reli na mteja wetu wa tangu enzi za karai moja, alipopata presha alipigwa marufuku ya chipsi na Bi. Mwanne kabla hata daktari hajamaliza kumweleza. Mzee hakukubali kirahisi. Akaanza kuwatuma bodaboda wamnunulie. Bi. Mwanne alikuwa akisoma oda ikiletwa, chipsi kavu, kachumbari bila kitunguu, ndimu mbili, basi anafunga kuku wa kuchemsha na kisamvu, anamwambia dereva ampe mwenyewe salamu. Mzee alibadilisha madereva wanne, asijue kuwa kinachomuumbua ni ndimu. Yupo hai, ana miaka themanini na moja, na siku ya sherehe ameomba akae meza ya mbele.

Sasa nije kwenye lile jina.

Mwaka 2013 mafuta yetu ya alizeti yalikuwa yanakuja kwa pipa, nasi tunayahamishia kwenye madumu ya lita ishirini. Mwezi Agosti madumu yetu yalikuwa yamechakaa, yakatafutwa mengine. Anayeijua Tabora anajua kwamba hapa dumu lililobeba asali halihesabiwi kuwa chafu. Asali haiozi, asali ni dawa, watu wanaazimana madumu hayo hadi ya kuwekea maji ya kunywa. Basi yakaletwa madumu manne kutoka Goweko, kwa mrina asali mmoja, yakasuuzwa kwa maji baridi, yakajazwa mafuta. Kwa kawaida hakuna chombo kilichoingia jikoni bila Bi. Mwanne kukipitisha kwenye maji ya moto na kukinusa. Siku hiyo alikuwa mazikoni kwa jirani.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, mgahawa umejaa. Karai likaanza kutoa povu jeupe, kisha la kahawia, kisha viazi vikatoka vyeusi na harufu ya kitu kilichoungua ambacho hakuna aliyekijua. Ile asali iliyobaki ndani ya madumu ilikuwa imezama chini ya mafuta na kuungua. Sahani sita zilikuwa zimeshafika mezani. Mteja mmoja akapiga picha, na kabla ya alasiri mji mzima ulikuwa umeshakata shauri kwamba Msafara wanakaangia mafuta ya transfoma, yale yanayoibwa kwenye mitambo ya umeme. Habari za mafuta hayo watu walikuwa wanazo midomoni siku nyingi, walikuwa wanasubiri tu zipate mlango wa kuingilia.

Mabwana afya walikuja, wakachukua sampuli, tukafungwa. Siku kumi na saba kabati la vioo lilikaa tupu na paka akalala juu ya jiko. Majibu ya maabara yaliporudi yalisema ni alizeti yenye sukari iliyoungua, basi, hakuna cha transfoma. Lakini karatasi ya maabara haina miguu ya uvumi. Tulipofungua, siku ya kwanza waliingia watu watatu, na mmoja wao alikuwa anauliza njia ya kwenda benki.

Wakati tumefungwa, Mzee Awadhi alituita wote uani. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile hakumsalimia mtu. Alisema aliyeleta madumu yale aseme, na akishasema akusanye vitu vyake aende. Jogoo wa jirani akawika mara mbili, nami nikamhesabu. Kisha Bi. Mwanne akasogea mbele, akasema madumu ni yake. Akasema jiko ni lake, chombo kilichoingia jikoni kwake ni chake, na mzee asimtafute mwingine.

Mzee Awadhi hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu aliyeanza naye na karai moja. Alimvua upishi mkuu, akampeleka meza ya viazi, na huko alikaa miezi kumi na minne. Mji nao ukamtafutia jina lake. Mwanamke aliyefundisha nusu ya wapishi wa Mtendeni akawa anakaa kwenye kigoda, beseni katikati ya miguu, anamenya, na watu wakipita dirishani wanaita Mama Transfoma.

Madumu yale niliyaleta mimi.

Mrina asali wa Goweko ni mjomba wangu, Shigela. Nilikuwa na wiki saba kazini, bado naangaliwa, na mke wangu Julieth alikuwa na mimba ya miezi minane. Bi. Mwanne alilijua hilo kwa sababu ndiye aliyekuwa akimfungia Julieth supu kila jioni nimpelekee. Nilipotumwa madumu niliona fahari kuleta ya asali, nikidhani nimewapa heshima. Kule uani, nilipopata nguvu ya kufungua mdomo, yeye alikuwa ameshasema.

Miezi kumi na minne tulimenya viazi beseni moja, bega kwa bega. Mara tatu nilitaka kwenda kwa mzee. Mara ya kwanza aliniambia maganda yangu ni mazito, natupa chakula. Mara ya pili aliniuliza kama mtoto ameshaanza kukaa. Mara ya tatu alikasirika kweli, akaniambia kwamba yeye aibu ameshaizoea, inamkaa mwilini, na nikiitaka ya kwangu nisubiri aondoke. Mzee Awadhi alifariki bila kujua, na hilo linaniuma hadi leo nikiandika.

Alichofanya Bi. Mwanne aliporudishiwa karai baada ya miezi hiyo wote mnakijua. Alikwenda dukani akanunua jora la merikani, akalikata vipande vya upana wa mkono kama baba yake alivyokuwa akikata. Kila asubuhi, mlangoni, mbele ya yeyote anayepita, huchovya kipande kwenye mafuta yaliyopoa ya jana na kukiinua juani. Kikitoka na rangi ya chai, mafuta hayarudi jikoni, yanakwenda kwa akina mama wa sabuni. Kikitoka safi, anakitundika kwenye waya juu ya mlango pamoja na vya siku sita zilizotangulia. Mwanzo watu walisimama ng'ambo ya barabara wakitazama kwa mashaka. Kisha wakaanza kuvuka. Sasa kuna wateja ambao hawaulizi kama tumefungua, wanatazama waya, na vitambaa saba vikipepea taratibu kwenye ukungu wa asubuhi wanaingia bila neno. Mabwana afya wamewahi kuwaleta wenye migahawa mingine waje kujifunza.

Mkurugenzi wetu wa sasa, Bi. Asmahani Awadhi, atayasoma haya kama mtakavyoyasoma nyinyi, kwa kuwa sikumwonyesha kabla. Akiona inafaa nami niondoke, sitakuwa na la kulalamika, aproni yangu itakuwa msumarini. Nimekata viazi miaka kumi na miwili kwenye kazi ambayo mtu mwingine aliilipia kwa jina lake. Mwanangu aliyekuwa tumboni wakati ule yuko darasa la sita, na jina lake ni Mwanne. Watu hudhani ni jina la bibi yake.

Shangazi, maana jikoni sote tunakuita hivyo, najua hapa umeshakunja uso na ratiba umeigeuza chini. Igeuze tena, nimebakiza kidogo. Tunakushukuru kwa mkono uliotulisha, kwa masikio uliyowapa waliotushuku, na kwa waya ule mlangoni. Tunakuombea huko Itetemia usingizi mrefu wa asubuhi, kuku wasiohitaji kukaangwa, na chai ya tangawizi inayonywewa umekaa. Wapagazi wakipita kwenye ukungu, tusalimie. Wiki iliyopita ulinikabidhi jora la merikani bila kusema kitu, nami nimelielewa, nitalichana kwa kipimo chako.

Na kuanzia Jumanne asubuhi, mtu yeyote akiita lile jina, barabarani, sokoni au msibani, wewe usigeuke. Nitaitika mimi.