Wasifu wa Bi Futi, Fundi Cherehani, na Ukweli wa Ugonjwa Uliomuondoa

Ndugu, majirani na wateja wa marehemu, poleni kwa msiba. Wasifu huu nimeuandika mimi, dada yake mkubwa, kwa mkono wangu, na mtoto wake wa kiume atausoma. Nimemwambia asiruke hata mstari mmoja. Tangu juzi kuna minong'ono katika nyumba hii, nami masikio yangu bado mazima. Jana mchana nilimwona mama mmoja akipokea chai kutoka kwa mkwe wa marehemu. Alikishika kikombe kama ameshika kaa la moto, kisha akazunguka nyuma ya banda la kuni na kuimwaga. Simtaji, anajijua. Jambo hilo lazima liishe leo, kabla hatujashika majembe.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Februari 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wetu. Nilimtangulia kwa miaka minane. Mama yetu alifariki tarehe 3 Septemba 1970, marehemu akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo nilimlea mimi. Wakubwa walisema mama ameuawa na jipu la titi. Baadaye wakasema jipu halikuja peke yake, lilitoka kwenye blauzi aliyoazimwa na jirani. Jirani yule alihama kabla mwaka haujaisha, na hakuna aliyekwenda kumuaga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nililisikia neno hilo la blauzi nikaliweka kichwani, na kichwa changu hakitupi kitu.

Marehemu aliingia darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza la saba mwaka 1974. Akiwa darasa la tano, Jumapili moja aliifumua sare yake ili aone kola inakaaje shingoni. Jumatatu akaenda shule bila kola. Mwalimu akamuuliza, "Wewe, kola iko wapi?" Akajibu, "Mwalimu, kola nimeshaielewa. Nilikuwa nataka kuanza mikono." Alipata viboko viwili. Wiki iliyofuata mwalimu yule yule alimletea suruali yake ampunguzie kiuno.

Alijifunza ushonaji kwa fundi mmoja mzee, na mwaka 1979 akaajiriwa kwenye karakana ya sare za shule. Mwaka 1986 aliacha akanunua cherehani yake, akaiweka kwenye baraza ya duka la dawa. Alikaa hapo miaka thelathini na saba. Jina la Bi Futi lilitokana na futi ya kupimia ambayo haikutoka shingoni mwake, hata siku ya harusi yake ilibidi nimvue kwa nguvu. Alikuwa na mwiko mmoja wa kazi. Akipima kifua cha mwanamke, hatamki namba. Anaandika kimya na kufunga daftari. Mteja mmoja mcheshi alimwambia, "Taja tu fundi, mimi si mtoto." Akamjibu, "Wewe si mtoto, lakini hao walio kwenye benchi wana masikio." Kwa mikono ile alijua miili ya wanawake kuliko waume zao. Wawili aliwaambia kwa siri, "Upande huu umebadilika tangu nilipokupima mwaka jana. Nenda hospitali kwanza, nguo nitakushonea ukirudi." Mmoja wao yuko hapa leo, mzima, ameniruhusu niseme.

Tarehe 22 Agosti 1981 aliolewa na fundi bomba, mtu mpole, naye alikuwa na futi yake ya chuma. Walikuwa wakibishana upana wa meza mpaka chakula kinapoa. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili. Mumewe alifariki mwaka 2009. Mwaka 2015 kijana wao alioa, na mkewe akaja kukaa na marehemu. Mimi nilihamia hapo mwaka 2018, magoti yangu yalipokataa ngazi za kwangu.

Sasa kuhusu ugonjwa. Hapa ndipo wengi mmekuja na habari yenu tayari, nami naomba muiweke chini.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilianza kuona mambo. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tulivaa na kuvua chumba kimoja, akaanza kufunga mlango kwa komeo. Ukimkumbatia, anageuza bega la kushoto. Akanyoa nywele zote, akasema ni joto. Nguo zake zilifuliwa na mkwe peke yake na kuanikwa ndani, ilhali kamba ya uani iko wazi na jua linawaka. Kila baada ya wiki tatu, Jumanne, wanatoka wawili. Wakirudi naambiwa walikwenda kutafuta vitambaa. Nikauliza, "Vitambaa gani hivyo visivyokuja hata na uzi?" Mkwe akainamisha kichwa. Marehemu akarudi amekunjamana, anatapika, hali chakula siku mbili. Nikajumlisha. Huyu anadhoofika, na yule ndiye anayeshika nguo zake.

Siku ya Jumapili, tarehe 16 Aprili 2023, marehemu akiwa kazini kumalizia nguo za maharusi, nililifungua kapu la nguo chafu. Nikatwaa blauzi, nikaipapasa. Upande wa kushoto kulikuwa na kitu. Nikachana bitana, kitambaa cha ndani, kwa wembe, kikatoka kifuko cha pamba nyeupe, kimejazwa, kimeshonwa pembe zote, kina doa la rangi ya kutu. Nikakumbuka blauzi ya mama.

Niliwaita sebuleni mkwe na mumewe. Nikakiweka kile kifuko juu ya meza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Leo nimekiona kwa macho. Hiki ni nini?"

Mkwe akakitazama, machozi yakamjaa. "Mama mkubwa, siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Aliyekupa?"

Mumewe akasema, "Mama mkubwa, tumngoje mama arudi."

Nikamwambia, "Wewe nyamaza, macho yako yamefungwa na chakula chake. Mama yako akirudi atamtetea, maana ameshatiwa mkononi." Nikamgeukia mkwe. "Funga mizigo uende kwenu. Na usipige simu hapa, mwenyewe amesema hataki kuisikia sauti yako."

Huo ulikuwa uongo. Marehemu hakusema hivyo. Aliporudi nikampa uongo wa pili, kwamba mkwe amekwenda kwao kupumzika. Kijana nilimtisha kwamba akifungua mdomo kuhusu kifuko mama yake atakufa kwa mshtuko, naye akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea mama yake. Kifuko nilikificha kwenye kopo kabatini mwangu, nikingoja kumpata mganga wa kukisoma.

Jumanne mbili za safari zao zikapita. Marehemu akivaa viatu, anakaa kwenye kiti, anatazama mlango, kisha anavivua. Alidhani mkwe amechoka kumuuguza na amekimbia. Mkwe naye, kule kwao, alidhani mama mkwe amemkana. Na mimi katikati yao nilikuwa nalala vizuri, nikidhani nimeokoa mtu.

Tarehe 4 Juni marehemu alikuja kwenye kabati langu kutafuta sindano. Akafungua kopo, akakiona kile kifuko. Akakaa kitandani nacho.

"Dada, hiki umekitoa wapi?"

Nikamweleza, kwa fahari, mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akakigeuza, akanionyesha mshono wa pembeni.

"Miaka arobaini unavaa nguo nilizokushonea mimi. Huujui mkono wangu?"

Akavua blauzi. Titi la kushoto lilikuwa limejikunja ndani, ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa. Vifuko vile alikuwa akishona mwenyewe, ili vinyonye majimaji na ili blauzi ikae sawa pande zote mbili. Fundi hakutaka mtu aone bega moja limekaa vibaya. Uvimbe aliugusa kwanza Oktoba 2021, akiwa anajaribu nguo. Haukuuma, akasema kisichouma kingoje. Alingoja mwaka mzima. Mkwe aliuona kwa bahati, akampeleka hospitali siku hiyo hiyo, kikakatwa kipande cha nyama na kupimwa. Ilikuwa saratani. Jumanne zile zilikuwa za dripu ya dawa, na dawa ndiyo iliyomwondolea nywele na kumtapisha. Alimwapisha mkwe asiniambie mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga mama sanda, na hakutaka nianze kuiwaza ya pili.

Mkwe nilimfuata mwenyewe kesho yake, magoti na yote. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mama amekosa dawa mara ngapi?"

Nikasema, "Mbili."

Akachukua pochi yake, tukatoka.

Siku ile ile, hospitalini, nilikaa mbele ya daktari wa marehemu nikamhoji kama polisi, maana naye sikumwamini.

"Ni nguo?"

"Hapana, mama."

"Sidiria?"

"Hapana."

"Aliwahi kugongwa na mlango. Ni hilo?"

"Wala si hilo."

"Basi ni mtu."

Akavua miwani. "Hakuna mtu. Ni chembe za mwili wake mwenyewe, zimeanza kuzaana bila mpangilio. Haiambukizi, wala hairushwi na mtu. Ikiwahiwa mapema, wengi hupona." Kisha akanihoji yeye. "Kuna mwingine katika familia?"

"Hakuna. Mama yetu alikufa kwa jipu."

"Jipu hilo lilianza kwa kuuma?"

"Hapana."

"Chuchu ilizama ndani?"

Ilizama. Mama nilikuwa nikimwogesha mimi. Kitu hicho nilikiona miaka hamsini na tatu iliyopita, nikakiita blauzi. Nikamuuliza daktari kama Jumanne zile mbili ndizo zitakazomuua mdogo wangu. Akasema hawezi kusema ndiyo, na hawezi kusema hapana. Jibu hilo ninalala nalo.

Dawa ziliendelea, na mwezi wa Septemba titi liliondolewa. Alirudi kazini Novemba akacheka na watu. Januari 2024 ugonjwa ulionekana kwenye mifupa na mapafu. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkwe akimfuta uso. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Kwa hiyo mnaotafuta mchawi wa msiba huu, msimtafute jikoni. Maneno mnayonong'ona niliyaanzisha mimi, niliwapa wawili tu, na yamerudi kwangu yakiwa na miguu ishirini. Nayachukua yote. Daktari amesema, kwa kuwa mama na mdogo wangu wote wameugua, mimi na wanawake wa damu yetu tunahitaji kupimwa bila kungoja dalili. Jumanne ijayo tunakwenda. Mwenye shaka na nguo yake aje tuongozane, aache kupapasa kapu la mwenzake.

Wasifu huu umechapwa na mkwe, kwenye duka la fotokopi anakofanya kazi. Nilikaa nyuma ya kiti chake. Sehemu inayomhusu alitaka kuiruka, nikakataa. Tulipofika kwenye waliobaki nikamsomea, "Ameacha mtoto wa kiume mmoja na mabinti watatu."

Akaacha kuchapa. "Mama mkubwa, mabinti ni wawili."

"Chapa watatu."

Akageuka akanitazama, wateja wanangoja. Kisha akachapa.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume mmoja, mabinti watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Bi Futi, mdogo wangu, apumzike kwa amani, nasi tuliobaki tuishi kwa kuaminiana.